Nyonga za Mzee Mia

Fundi yule wa viti aliitwa Mzee Mia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Katika karakana yake hakuna kiti kilichotoka mlangoni kabla yeye hajakikalia. Kikishagongwa na kupigwa msasa, alikiweka katikati ya sakafu, akajipangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akakaa, akafumba macho, akaanza kuhesabu kimoyomoyo moja hadi mia. Midomo ilikuwa inacheza. Mtu akimsemesha alipofika arobaini, alianza upya, kwa hiyo watu walijifunza kunyamaza. Mia ilipotimia alifumbua macho na kutoa hukumu, ama "kimepita" ama "kirudi mezani." Na kikishapita hakukikalia tena maisha yake yote, kwa sababu, alisema, hakimu hasikilizi kesi moja mara mbili.

Mafundi wengine walipima viti kwa rula na pima maji. Yeye vitu hivyo alikuwa navyo, vimetundikwa ukutani vizuri, vinapata vumbi. "Rula inajua urefu," alipenda kusema, "lakini rula haina makalio." Kwa miaka arobaini na sita makalio yake ndiyo yaliyokuwa mtambo wa kupimia, na viti vyake vilijaa mjini, saluni, ofisini, kwenye vibaraza vya watu. Sifa iliyomnenepesha ilikuwa moja tu, kwamba ukikaa kwenye kiti cha Mzee Mia unasahau kama umekaa. Akiisikia alijifanya hakuisikia, ili irudiwe.

Sasa, alipofikisha miaka sitini na tisa, nyonga zake zilikuwa zimekula njama bila kumshirikisha. Zamani alikuwa akikaa, kiuno kinasimama wima chenyewe. Siku hizi akikaa kiuno kilirudi nyuma, mgongo ukapinda, kidevu kikatangulia. Kuinuka kulihitaji mipango. Kwanza kusogea ukingoni, kisha mikono magotini, kisha kumtaja Mungu, kisha kuinuka. Yeye aliona kosa ni la viti. "Viti vya siku hizi vinameza watu," alilalamika, na hakukumbuka kwamba viti vya siku hizi alikuwa akivitengeneza yeye.

Basi akaanza kuvirekebisha. Miguu ya nyuma akairefusha kwa upana wa kidole, kikalio kikainamia mbele kidogo. Egemeo akalisogeza likawa linasukuma kiuno. Kiti kizima akakipandisha juu. Alifanya hivyo kidogo kidogo, kiti hiki hadi kile, mpaka siku moja alikaa, akahesabu mia, akainuka kwa pumzi moja bila kumtaja yeyote. Furaha aliyokuwa nayo siku hiyo haikuwa ya kawaida. Alizunguka karakana mara mbili akipiga meza makofi.

"Miaka yote hii nilikuwa nabahatisha," alimwambia bintiye. "Leo ndiyo nimekijua kiti."

Bintiye naye alikuwa fundi, tena fundi hasa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na randa aliishika kabla ya penseli. Watu walimwita Fundi Mdogo ingawa alimzidi babake kimo kwa kichwa kizima. Kazi yake ilikuwa kupaka vanishi katika chumba cha nyuma na kufikisha viti kwa wateja. Alikitazama kile kiti kwa muda, akasema, "Hongera, baba," akakibeba kwenda nacho chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Miaka miwili ikapita hivyo, kwa amani na mapato ya kutosha, hadi maktaba ya mjini ilipoagiza viti kumi na viwili vya chumba cha kusomea. Mzee Mia alivitengeneza kwa moyo mmoja. Vilipokuwa vimebaki viwili, wifi yake Fundi Mdogo akajifungua pacha, na Fundi Mdogo akaaga kwenda kwa wakwe zake siku kumi kusaidia.

"Viti visubiri nirudi," alisema akifunga mkoba. Mlangoni akageuka. "Baba, nimesema visubiri."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Ila viti vilipokwisha na vyote kumi na viwili kupita, aliviona vimesimama pale vinamtazama, na uvumilivu ulimshinda. Alivipaka vanishi kwa mkono wake, akakodi mkokoteni, akavisindikiza mwenyewe mpaka maktaba akitembea nyuma yake taratibu.

Fundi Mdogo alirudi siku ya kumi mchana, akaingia karakana moja kwa moja, mkoba ungali begani.

"Shikamoo, baba. Viti vya maktaba viko wapi?"

"Marahaba. Vimekwenda."

"Vimekwenda wapi?"

"Ulitaka viti vya maktaba viende wapi, sokoni?"

Mkoba ukamteremka begani hadi kwenye kiwiko. "Umevipeleka vilevile?"

Mzee Mia alikuwa na nyonga za mzee, lakini masikio yake bado yalikuwa ya kijana. Aliweka patasi mezani. "Vilevile vipi?"

Binti akajaribu kuokota mkoba ambao haukuwa umeanguka. Akasema amechoka na safari. Akasema pacha hawajambo. Babake akamngoja tu, kama anavyongoja gundi ikauke, mpaka binti akaishiwa na habari. Hapo akamshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma, akavuta karai kutoka chini ya meza.

Lilikuwa limejaa vipande vya mbao, vidogo vya mraba, vyembamba kama biskuti. Mzee Mia alichukua kimoja akakinusa. Mbao zake alizijua kwa harufu. Hizi zilikuwa ncha za miguu ya viti.

"Miaka miwili, baba," Fundi Mdogo alisema. "Tangu vile viti vya saluni. Mwenye saluni alinipigia simu, akasema wateja wanateleza kama samaki kwenye sinia, mmoja ameanguka na dawa ya nywele kichwani. Nikaenda kimyakimya nikakata miguu ya nyuma. Tangu siku hiyo nimekuwa nakata vyote kabla ya vanishi."

"Vyote."

"Vyote."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa na furaha vile."

Mzee akakigeuzageuza kile kipande. "Na hivi kwa nini hukuvitupa?"

"Ni mbao zako. Nilishindwa."

"Si vyote vilivyobaki," ilisema sauti nyingine. Ilikuwa ya mkewe Mzee Mia, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya kumkaribisha mwanawe. "Vingine nimewashia jiko. Vinashika moto vizuri sana."

"Kumbe na wewe unajua!"

"Mume wangu, hata paka anajua."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo hakucheka, maana aliumia, na aliumia kwelikweli. Kufichwa jambo angeweza kulimeza, nani hafichwi kitu nyumbani kwake? Kilichomchoma ni kwamba kwa miaka miwili alikuwa akifumba macho, akihesabu, akitoa hukumu kwa sauti nzito, na hukumu ilikuwa inafutwa kwa msumeno chumba cha pili. Mtambo wake wa kupimia umeharibika na yeye ndiye pekee asiyejua. Kama hawezi tena kukaa kwenye kiti akajua kama ni kiti, yeye ni fundi wa nini?

"Basi," alisema. "Mimi na kukaa tumeachana."

Na alikuwa mtu wa msimamo, jambo zuri kwa hakimu na balaa kwa mzee wa miaka sabini na moja. Siku tatu hakukaa. Alikula amesimama, akanywa chai amesimama, akasoma gazeti ameliegemeza kwenye kabati. Bintiye alimsogezea kila kiti kilichokuwemo nyumbani, na yeye alivizunguka kama madimbwi.

"Chakula kitakushukia visiginoni," mkewe alimwambia.

"Kishuke."

"Nashukuru kulala hujaachana nako. Ningekuegemeza wapi, mlangoni?"

Jioni ya siku ya tatu, akiwa amesimama dirishani, alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Nikikuta vile kumi na viwili vinataka kukatwa, nitavikata kwa mkono wangu. Kisha nakunja jamvi. Naacha kazi."

"Utafanya nini ukiacha?"

"Sijui."

Mkewe hakumtania tena jioni hiyo. Alimfahamu mumewe, na alijua kuwa mtu huyu akikosa kazi ya viti atabaki anatembeatembea uani akihesabu hadi mia bila sababu. Alimletea chai nyingine, akainywa naye wote wawili wamesimama.

Kesho yake asubuhi mkutubi wa maktaba akapiga simu. "Mzee wangu, tafadhali njoo haraka, na uje na zana. Viti vyako vimeleta ugomvi."

Mzee Mia akautoa msumeno wake wa meno madogo ukutani, akaufunga kwenye gazeti. Fundi Mdogo akabeba penseli, rula na msasa. Wakashika njia. Binti alikuwa akijilaumu kwamba alikwenda kwa wakwe, akajilaumu tena kwamba aliwahi kukata hata kimoja, na pale kwenye kona ya posta akajilaumu kwamba babake anajikaza kutembea vizuri namna ile ilhali ana huzuni vile.

Chumba cha kusomea kilikuwa na meza tatu ndefu, feni moja iliyokuwa inalalamika darini, na magazeti yaliyoning'inizwa kwenye fimbo. Mkutubi alikuwa kijana mpole mwenye miwani, na aliona aibu.

"Sijui nisemeje, mzee. Wanafunzi wamevikimbia. Vinawamwaga." Akaonyesha ukutani, ambako vijana kama kumi, walioruhusiwa kuingia mapema kwa mlango wa nyuma, walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi ya zamani, vitabu mapajani. "Mimi mwenyewe juzi niliteleza hadi kifungo cha shati kikanasa kwenye meza. Naona ingekuwa vizuri mkivikata kidogo nyuma."

"Na ugomvi?" Fundi Mdogo aliuliza.

"Ugomvi ni wa wengine. Mtauona saa tatu, mlango wa mbele ukifunguliwa."

Mzee Mia hakutaka kungoja saa tatu. Alikichukua kiti cha kwanza, kilichokuwa dirishani, akakipindua juu ya meza miguu ikatazama dari. Akapiga mstari wa penseli kwenye mguu wa nyuma. Mkono wake haukutetemeka, na hilo lilimuuma bintiye kuliko kama ungetetemeka.

"Nipe, baba. Nitakata mimi."

"Hapana," mzee alisema. "Wewe umekata vya kutosha."

Akaweka meno ya msumeno juu ya mstari. Alikitazama kiti kile, ambacho wiki iliyopita kilimpa mia nzuri kuliko zote alizowahi kuhesabu, na moyo ukamwambia kwamba mwili uliomwambia hivyo ulikuwa mwongo. Akavuta pumzi.

Saa tatu kamili mlango wa mbele ukafunguliwa, na wazee wakaingia mbio.

Mbio zenyewe zilikuwa za fimbo na za kuburuta viatu, lakini zilikuwa mbio. Walikuwa kama kumi na saba. Bibi mmoja alimpiga mwenzake kikumbo kwa mkoba. Wawili, dereva wa malori aliyestaafu na mkunga aliyestaafu, walifika kwenye kiti kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja akakalia nusu, wakatazama pande tofauti. Na mbele yao wote alikuwa bibi mwembamba aliyeitwa Mwalimu Mkuu. Shule alikuwa ameiacha miaka kumi na minane iliyopita, ila cheo hakuna aliyethubutu kumvua.

"Weka chini msumeno!"

Sauti hiyo iliwahi kunyamazisha watoto mia nane mstarini. Mzee Mia alijikuta ameuweka chini kabla hajaamua.

"Hicho ni cha kwangu," Mwalimu Mkuu alisema. "Cha dirishani. Nakikalia tangu kilipokuja. Kigeuze."

"Huo ndio ugomvi," mkutubi alinong'ona. "Viti kumi na viwili, wao kumi na saba. Jana nilitenganisha watu wenye umri wa bibi yangu."

Fundi Mdogo akakigeuza kiti haraka, akakisimamisha. Mwalimu Mkuu akamkazia macho Mzee Mia. "Wewe ndiye fundi wake?"

"Ndiyo, Mwalimu. Vina kosa. Nimekuja kuvisahihisha."

"Kosa gani?"

Kisha akakaa. Akapanga gauni lake, akakunja mikono kifuani, akainuka. Bila fimbo, bila meza, bila kushika kitu. Akakaa tena, akainuka tena, akabaki amesimama mbele ya Mzee Mia pua kwa pua.

"Miaka minne," alisema, "sijainuka kwenye kiti bila kuvutwa kama ng'ombe aliyezama matopeni. Nionyeshe hilo kosa liko wapi."

Fundi Mdogo ndiye aliyejibu. "Lakini Mwalimu, kikalio kimeinama mbele. Vinamwaga watu."

"Vinawamwaga nyinyi!" Mwalimu Mkuu akageukia chumba kizima kama aliyepata chaki. "Wewe binti, kaa pale benchini. Mikono kiunoni. Mwaka jana mzima nilikuwa nakwenda hospitali kwa mgongo huu, na mtaalamu wa viungo alinieleza jambo hili vizuri, nami nitawaeleza nyinyi. Nyonga ni bakuli. Umekaa juu ya bakuli la maji. Haya, liinamishe mbele, umwage maji mbele."

Fundi Mdogo, kwa woga wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akainamisha nyonga mbele. Mgongo ukanyooka.

"Sasa mwaga nyuma."

Akarudisha nyuma. Mgongo ukapinda. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, laini kabisa. Wanafunzi benchini wakaanza kujaribu nao, wakichekana.

"Mnaona? Kijana analo bakuli na wala hajui kama analo. Sasa mzee, zamu yako."

"Mimi sikai," Mzee Mia alisema.

"Kaa!"

Alikaa. Siku ya nne tangu aape, na kiapo kikavunjwa na neno moja la mwalimu. Akaweka mikono kiunoni pale benchini.

"Mwaga maji mbele."

Alijaribu kwa nguvu zake zote. Mabega yalipanda. Shingo ilikwenda mbele. Nyusi zilifanya kazi kubwa kuliko viungo vyote. Nyonga haikusogea hata unyoya.

"Imegoma," alisema kwa unyonge.

"Haijagoma, imezeeka. Yako, yangu, ya huyu dereva. Bakuli limelalia nyuma na kukaza hapohapo, ndiyo maana mgongo unapinda na kuinuka kunakuwa safari. Ukilipeleka kwenye kiti kilicholala nyuma, umelizika kabisa. Sasa hamia huku." Akapiga kikalio cha kile kiti cha dirishani.

Mzee Mia akasita. Kiti hicho kilishapita kwake, na kwa sheria yake mwenyewe hakuwa na haki ya kukikalia tena. Lakini kila mtu alikuwa anamtazama, na Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kungoja. Akakaa. Kiti kikampokea juu, kikalio kikamwinamisha, egemeo likamsukuma kiunoni, na mgongo wake ukasimama wenyewe kama ulivyokuwa ukisimama zamani.

"Mwaga."

Akajaribu. Kwanza hakuna kitu. Kisha, chini kabisa, mahali ambapo hakujua kama bado pana mtu, kitu kikasogea, kidogo tu, kama droo iliyokwama miaka mingi.

"Limesogea!" alipiga kelele, katikati ya maktaba. "Jamani, bakuli limesogea!"

"Shh," mkutubi alisema kwa mazoea, halafu akacheka mwenyewe. Basi chumba kizima kikaanza. Wazee waliopata viti wakashika viuno, wakamwaga maji mbele na nyuma. Waliokosa wakadai zamu. Mkunga akampisha dereva, akamhesabia kwa sauti aliyowahi kuwahesabia wazazi, "Sukuma! Haya tena, sukuma!" na dereva akasukuma huku machozi ya kicheko yakimtoka. Mzee Mia alikaa pale dirishani anaenda mbele na nyuma kwa upana wa ukucha, na alikuwa na furaha kiasi cha kuona haya. Mwili wake haukuwa umemdanganya. Ulimwambia ukweli kuhusu mwili wake.

Alipotafuta bintiye amwonyeshe, alimkuta ameinama, mkono mdomoni.

"Baba," alisema. "Yule mzee wa posta aliyenunua kiti mwaka jana. Nilikikata. Na cha shangazi. Shangazi aliniambia kiti kinamchosha, nikamwambia atakizoea." Akautazama msumeno. "Nilidhani nakusahihisha."

Mzee Mia akainuka kumwendea, na ni alipofika kwake tu ndipo alipogundua ameinuka bila mipango yoyote. Akamshika bega, akalazimika kunyoosha mkono juu kulifikia.

"Wale wa saluni wangevunjika pua, mwanangu. Ulifanya vizuri kukata." Akafikiri kidogo. "Mimi nilipima kwa makalio yangu nikasahau kwamba yamezeeka. Wewe ulipima kwa yako ukasahau kwamba yatazeeka. Hapo nani amcheke mwenzake?"

Binti akacheka, machozi yakiwa bado machoni. Msumeno ukafungwa tena kwenye gazeti lake. Walikubaliana na mkutubi kwamba vile kumi na viwili vibaki vilivyo, vingine vitano viongezwe ili watu wazima waache kupigana, na Fundi Mdogo awatengenezee vijana vya kwao kwa kipimo chake.

Siku iliyofuata walianza kuzunguka na karai. Kwa mzee wa posta, kwa shangazi, kwa kila mwenye mvi aliyekuwa amenunua kiti katika ile miaka miwili, waligonga mlango, wakakipindua kiti, wakachagua vipande vinavyooana, wakavirudisha miguuni kwa gundi. Shangazi alipokikalia kiti chake na kuinuka mara ya kwanza, aliwatukana wote wawili kwa kumchelewesha, kisha akawafungia chakula cha kwenda nacho. Mkewe Mzee Mia alilalamika wiki nzima kuwa hana tena cha kuwashia jiko. Ila mumewe alikuwa anakula amekaa, na kila alipokaa mkewe alimwambia, "Karibu nyumbani, ulikuwa wapi siku zote?"

Karakana nayo ilibadilika. Viti vilikuwa vinakaliwa na wawili sasa, baba vya wazee, binti vya vijana, na kila mmoja alikuwa na hukumu yake ambayo mwenzake hakuigusa. Mara nyingine walibishana mpaka majirani wakachungulia. Mzee Mia aliwahi kukiri kwa mkewe kwamba hajawahi kufurahia kazi namna ile, hata alipokuwa na miaka thelathini na nyonga za kuchezea ngoma.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja Fundi Mdogo alikuta katika chumba cha nyuma kiti ambacho hakikuwa katika oda yoyote. Mbao yake ilikuwa ile nzuri, nyekundu, ambayo babake aliificha miaka mingi nyuma ya kabati na kukataa kumuuzia mtu. Kilikuwa kirefu kuliko viti vyote, na miguu yake ya nyuma ilikuwa mirefu waziwazi. Hakuna mzee yeyote wa mjini aliyefikia kimo hicho. Akakipindua. Chini ya kikalio paliandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa babake unaopanda mlima, *Cha binti yangu. Kisikatwe.*

Babake alikuwa amesimama mlangoni, akijifanya anatafuta tupa.

"Baba. Hiki ni cha kwangu?"

"Si umesoma?"

Fundi Mdogo akakisimamisha, akakaa. Mara akaanza kuteleza, akashika ukingo. "Kinanimwaga."

"Kwa sasa."

"Kwa sasa hadi lini?"

"Sijui. Miaka ishirini na mitano. Labda thelathini, maana nyonga zako umezirithi kwa mamako, ni imara." Mzee Mia akaendelea kupekua zana. "Sikutaka ufike huko ukakosa mtu wa kukutengenezea. Mafundi wengi hawajui. Wanapima kwa rula."

Binti alipiga hesabu kimya, na babake alimwona anapiga hesabu, akamwacha amalize. Sabini na moja na ishirini na mitano. Hakuna aliyeitamka. Mzee akapata tupa yake, akaipuliza vumbi, akarudi mezani kwake akiimba kitu kisicho na maneno.

Fundi Mdogo alibaki kwenye kile kiti. Kulikuwa na vitano vinavyomngoja kupakwa vanishi na mteja aliyeahidiwa mchana, naye hakuinuka. Alikaa vilevile, akiteleza kidogo na kujirudisha, akiteleza na kujirudisha, mpaka mamake alipoita chakula.